Konza Isisahau Elimu ya Kusikiliza

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Wahenga walipotuachia methali hii hawakutaja ni maradhi ya aina gani, na sisi kwa muda mrefu tumeichukua kuwa inahusu homa, vidonda na kikohozi. Lakini yapo maradhi yanayofichwa kuliko hayo yote. Ni yale ya mtu anayeamka asubuhi akavaa, akaenda kazini, akasalimiana na watu na kucheka nao, na huku moyo wake umekauka kama nyanda za Konza mwezi wa Septemba. Mtu huyu haendi hospitali, kwa sababu hana jeraha la kuonyesha. Haendi kwa jirani, kwa sababu anaogopa kuchekwa. Siku siri yake inapofichuka, aghalabu huwa tumekwisha chelewa.

Nimeitaja Konza kwa makusudi. Mahali hapa palijulikana tangu mwisho wa karne ya 19 kama stesheni ya reli, wakati reli ilipokuwa ikipanda kutoka pwani kuelekea Nairobi, ambako ilifika mwaka 1899. Baadaye ndipo ilipojitenga njia ya kwenda Magadi. Kwa miaka mingi Konza ilikuwa ni stesheni, maduka machache, mifugo na upepo. Leo mambo yamegeuka. Mwezi wa Januari mwaka 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji mpya wa teknolojia katika ekari 5,000 za iliyokuwa ranchi ya Malili, hapo karibu na mipaka ya Machakos, Makueni na Kajiado. Tarehe 3 Agosti 2023 Chuo Kikuu Huria cha Kenya kilikabidhiwa hati yake, na makao yake yako huko huko Konza. Iko pia taasisi ya sayansi na teknolojia inayoanzishwa kwa ushirikiano na Korea ya Kusini, ambayo imekusudiwa kuwafundisha watu waliokwisha kupata shahada ya kwanza.

Kwa maneno mengine, masomo ya juu yamehamia nyikani, na hilo ni jambo la kujivunia. Sina ugomvi na kompyuta. Lakini nauliza swali moja tu: katika mipango yote hiyo, watasomea wapi watu wa kutusikiliza? Nakusudia masomo ya uzamili katika ushauri nasaha na tiba ya kisaikolojia, yaani elimu ya kumtibu mtu kwa mazungumzo. Nasema kwamba elimu hiyo si anasa ya wakazi wa Nairobi. Yafaa isogezwe karibu na watu wa Konza na Ukambani nzima, na yafaa isomwe kwa namna ambayo mwananchi wa kawaida ataweza kuifaidi.

TAABU ZISIZO NA JINA

Huenda msomaji akauliza: watu wa Konza wana taabu gani inayohitaji msomi wa shahada ya pili?

Watu wa Ukambani wameijua taabu tangu zamani. Hata njaa zao wamezipa majina, kila moja na lake. Ile iliyowakumba mwisho wa karne ya 19, wakati reli ilipokuwa ikipita, huitwa Yua ya Ngomanisye. Ile ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 huitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa huku nimeshika, kwa kuwa mtu alikuwa na fedha mkononi lakini chakula cha kununua hakikuwako. Mimi naona kwamba kulipa balaa jina ni mwanzo wa kulitibu. Jamii iliyosema nafa huku nimeshika haikuyaficha maradhi yake. Iliyasimulia, na mpaka leo wajukuu wanayajua.

Taabu za leo nyingi hazina majina. Yuko dereva wa lori ambaye ameshuhudia ajali kadhaa katika barabara kuu ya Mombasa, na kila afikapo mahali fulani mikono yake hutetemeka. Wako watu wa Mavoko ambao nyumba zao zilibomolewa mwezi wa Oktoba mwaka 2023 katika mzozo wa ardhi, wakatazama akiba ya maisha yao ikigeuka kifusi kwa siku moja. Yuko mzee aliyeuza shamba bei ya mji mpya ilipopanda, fedha zikaisha, na sasa wanawe hawamsemeshi. Yuko kijana aliyemaliza chuo na kurudi nyumbani bila kazi, ambaye hujifungia chumbani mchana kutwa. Akiulizwa ana nini, hujibu, "Mawazo tu." Neno hilo moja limebebeshwa kila kitu.

Haya si maneno ya kutunga huruma. Mwaka 2011 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ilitoa ripoti juu ya afya ya akili. Ilikadiria kwamba hadi robo ya wagonjwa wanaotibiwa na kurudi nyumbani, na hadi asilimia 40 ya wanaolazwa, wana maradhi ya akili ya namna moja au nyingine. Kaunti ya Machakos ilihesabiwa kuwa na watu 1,421,932 katika sensa ya mwaka 2019. Wengi wanaokwenda zahanati kwa maumivu ya kichwa na tumbo huandikiwa vidonge, wakarudi na maumivu yale yale wiki ya pili. Mganga hakosi ujuzi. Amekosa saa moja ya kumsikiliza mtu mmoja.

WAZEE WETU

Wengine watasema kwamba sisi Waafrika hatukuwa na haja ya mambo haya, kwani tulikuwa na wazee. Hoja hiyo haifai kudharauliwa. Miongoni mwa Wakamba lilikuwako baraza la nzama, ambalo ugomvi wa ukoo na ukoo ulipelekwa mbele yake. Alikuwako mundu mue, ambaye hakuishia kutoa mizizi na majani, bali aliuliza maswali marefu juu ya ndoa, marehemu na deni ambalo halijalipwa. Ilikuwako ngoma ya kilumi, ambamo mtu aliyelemewa na pepo alichezewa na jirani zake mpaka akapata nafuu. Kule pwani alikuwako somo au kungwi, ambaye msichana aliweza kumwambia yale asiyoweza kumwambia mama yake mzazi. Hizo zilikuwa tiba, na waliozifanya walizisomea kwa miaka mingi chini ya mkubwa wao.

Hata hivyo, tusijidanganye. Mzee wa nzama alikuwa hakimu. Kazi yake ilikuwa kutoa uamuzi ili amani irudi kijijini, si kumsaidia mtu mmoja aelewe kilio cha nafsi yake. Mwanamke aliyepigwa na mumewe alijua kabla ya kufika barazani kwamba huenda akaambiwa arudi na avumilie. Isitoshe, mzee ni wa ukoo, na ukoo una masikio mengi. Aidha, maisha yenyewe yametawanyika. Mjomba yuko Mlolongo, shangazi yuko Mombasa, babu amefariki, na jirani wa mtu katika nyumba za kupanga za Konza na Malili ni mgeni kama yeye.

Kwa hiyo hoja ya wazee haiipingi elimu hii. Inatuonyesha pengo lililoachwa, na inatukumbusha kwamba atakayekuja kuliziba hana budi kujua kilichokuwako hapo kwanza. Hili limekwisha anza kufanywa karibu kabisa na Konza. Katika Kaunti ya Makueni, Profesa David Ndetei na wenzake waliwakutanisha waganga wa kienyeji, viongozi wa dini na wahudumu wa vituo vya afya ili wazungumze na kupelekeana wagonjwa. Nasifu hatua hiyo. Msomi aliyekubali kuketi na mundu mue kwenye kigoda kimoja hakujishusha cheo.

JINA LENYEWE

Sasa tuliangalie jina la kazi hii. Kwa Kiswahili cha Kenya tunamwita mshauri nasaha, na ndugu zetu wa Tanzania humwita mnasihi. Maneno yote mawili ni mazuri, lakini yana tatizo. Kushauri ni kumwambia mtu la kufanya. Nasaha ni maneno mema ya kumwongoza. Ndiyo maana mwananchi anapopelekwa kwa mshauri huketi akingoja kuambiwa: mwache, msamehe, omba, acha pombe.

Kumbe jambo la kwanza analofundishwa mwanafunzi wa fani hii ni kutoharakisha kushauri. Mmarekani Carl Rogers, aliyeishi kutoka mwaka 1902 hadi 1987 na ambaye mafunzo yake husomwa katika vyuo vingi, alishikilia kwamba mtu akisikilizwa kwa moyo mweupe, bila kuhukumiwa, anao uwezo wa kuiona njia yake mwenyewe. Kwa hiyo jina tulilompa mtaalamu linaahidi jambo ambalo yeye amefunzwa kujizuia kulifanya! Si ajabu basi kwamba wengi hutoka kwake wakilalamika, "Nimekwenda, na hakuniambia kitu." Wala si ajabu kwamba mtu yeyote mwenye ulimi mtamu hujiona anaweza kazi hii.

Sipendekezi tulitupe jina. Napendekeza tulieleze, redioni na barazani, mpaka mwananchi ajue kwamba aendapo huko anakwenda kusema, na wala haendi kusomewa hukumu.

TULIKOTOKA

Historia yetu pia imechangia hofu. Hospitali ya Mathari ilianzishwa mwaka 1910, wakati wa ukoloni, kama nyumba ya kuwafungia waliohesabiwa kuwa wendawazimu. Kutoka mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1954 daktari huyo aliiandikia serikali ya kikoloni maelezo juu ya Mau Mau, akatafuta chanzo cha vita hivyo katika nafsi ya Mkikuyu aliyeyumbishwa na mabadiliko, badala ya kukitafuta katika ardhi iliyonyang'anywa. Frantz Fanon alimkosoa vikali katika kitabu chake cha mwaka 1961. Nalitaja jambo hili kwa sababu ni onyo kwa kila msomi wa nafsi za watu. Mtaalamu asiyeijua dunia ya mgonjwa wake anaweza kuyaita malalamiko ya haki kuwa ni ugonjwa.

Ushauri nasaha ulipita mlango mwingine, nao ni mlango wa shule. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu ilikuwa na kitengo cha kazi hiyo, na mwaka 1976 kamati ya Gachathi ikapendekeza uimarishwe. Kituo cha ushauri cha Amani kilifunguliwa Nairobi mwaka 1979. Kisha misiba ikatufundisha kwa nguvu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu liliangusha majengo Nairobi na kuua watu 213, na hapo ndipo Wakenya wengi waliposikia kwa mara ya kwanza kwamba aliyenusurika bila mchubuko naye anaweza kuwa majeruhi. Mwaka 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kuwa ukimwi ni janga la taifa, na vituo vya ushauri na upimaji wa hiari vikaenea mpaka vijijini.

Lakini kwa watu wa Machakos tarehe isiyosahaulika ni 26 Machi 2001. Usiku huo bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli liliteketezwa kwa petroli na wavulana 67 wakafa. Madirisha yalikuwa na vyuma, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Wengi wao walizikwa pamoja katika ardhi ya shule yao.

Tumezungumza sana juu ya milango na vyuma vya madirisha, na ni haki kuzungumza. Mimi nauliza jambo jingine. Kabla ya petroli kununuliwa kulikuwa na manung'uniko katika shule ile, na bweni halichomwi na vijana ambao wamepata mtu wa kuwasikiliza. Na baada ya moto, wazazi na ndugu wa vijana wale, pamoja na wenzao walionusurika, walihitaji mtu wa kuketi nao, si kwa wiki mbili za kamera na hotuba, bali kwa miaka. Aliyekuwa na umri wa miaka 16 usiku ule sasa ni mtu mzima aliyepita 40, na huenda ana mtoto wake mwenyewe katika shule ya bweni. Je, kila muhula unapoanza, analala?

Mwaka ule ule wa 2001 kiboko kilipigwa marufuku shuleni, na walimu wakaambiwa watumie ushauri badala yake. Agizo lilikuwa jema. Lakini mwalimu aliyenyang'anywa kiboko hakupewa elimu ya kutosha ya kushika mahali pake. Alipewa cheo cha mwalimu wa ushauri juu ya vipindi vyake vile vile vya hesabu na jiografia, na mara nyingi ofisi yake ikawa ni kona ya stoo ya vitabu.

MASOMO YENYEWE

Masomo haya ya uzamili ni nini hasa? Nchini Kenya hutolewa katika vyuo vikuu kadhaa. Kilicho karibu kabisa na Konza ni Daystar, ambacho kina bewa lake huko Lukenya, kando ya barabara kuu ya Mombasa, katika Kaunti hii hii ya Machakos. Chuo hicho hutoa shahada ya uzamili katika saikolojia ya ushauri na hata ya uzamifu katika saikolojia ya tiba. Chuo Kikuu cha Nairobi, Kenyatta na USIU navyo vina masomo ya jamii hiyo.

Mwanafunzi husoma nadharia za nafsi kutoka kwa Freud mpaka waliomfuata na waliompinga. Husoma dalili za maradhi ya akili, ushauri wa ndoa, wa watoto na wa makundi, maadili ya kazi, na namna ya kufanya utafiti. Lakini kiini cha masomo haya hakimo vitabuni. Kiini chake ni mazoezi. Mwanafunzi hupelekwa hospitalini, shuleni au kituoni, akaketi na watu wenye shida za kweli, kisha akarudi kwa msimamizi wake na kueleza alichosema, kwa nini alikisema, na nini kilimgusa yeye mwenyewe. Mara nyingi hutakiwa naye aketi katika kiti cha kusikilizwa, ili ayajue majeraha yake asije akayapakaza kwa mwingine. Mwisho huandika tasnifu.

Wanaosoma si vijana watupu. Wengi ni walimu, wauguzi, mapadri, wachungaji na masista, watu wazima wenye familia, wanaohudhuria masomo jioni na mwisho wa wiki. Hulipa karo kubwa kutoka katika mshahara mdogo. Nawavulia kofia.

Sheria nayo imejaribu kuweka mambo sawa. Mwaka 2014 ilipitishwa Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia, iliyounda bodi ya kuwasajili na kuwasimamia. Mwaka 2020 jopo lililoongozwa na Dakta Frank Njenga lilipendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Mwaka 2022 sheria ya afya ya akili ikarekebishwa. Na tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu kuwa mhalifu mtu aliyejaribu kujiua, ni kinyume cha Katiba. Ebu tafakari uzito wa uamuzi huo. Kwa miongo mingi mtu aliyefika ukingoni mwa shimo alingojwa na askari. Mahakama imemwondoa askari. Ni nani sasa atakayesimama mahali pake? Ikiwa hatuna jibu, tumefanya nusu ya kazi.

KIINGEREZA DARASANI, KIKAMBA NYUMBANI

Hapa ndipo ninapopata wasiwasi mkubwa. Msomi wetu hufundishwa kwa Kiingereza tangu siku ya kwanza mpaka tasnifu. Halafu hutumwa kwa mama wa Konza ambaye huzungumza Kikamba nyumbani na Kiswahili sokoni. Mama huyo hatasema ana huzuni ya kiwango fulani. Atasema moyo wake, ngoo yake, ni mzito. Atasema mwili hauna nguvu, usingizi umekimbia, kichwa kinatembea. Msomi akitafsiri harakaharaka maneno hayo ili yaingie katika fomu yake ya Kiingereza, amekwisha poteza nusu ya habari aliyopewa.

Katiba ya mwaka 2010 inasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi kwa nini mwanafunzi asitakiwe kufanya sehemu ya mazoezi yake kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali, na msimamizi wake ayapime katika lugha hizo? Kwa nini kila tasnifu isiwe na muhtasari wa Kiswahili ambao mwalimu wa Kyanguli au muuguzi wa Malili ataweza kuusoma? Yako maktaba yaliyojaa utafiti juu ya watu wa nchi hii ambao watu wenyewe hawajapata kuuona.

MABIBI WA HARARE

Wenzetu wa Zimbabwe wametupa mfano. Mwaka 2006 Dakta Dixon Chibanda, mmoja wa madaktari wachache mno wa akili nchini mwake, alianza kazi na mabibi 14 mjini Harare. Hawakuwa na shahada. Aliwafunza, wakaketi kwenye mabenchi ya mbao nje ya zahanati, wakawasikiliza watu. Hawakutumia jina la kigeni la ugonjwa. Walitumia neno la Kishona, kufungisisa, ambalo maana yake ni kuwaza kupita kiasi. Ni ndugu wa "mawazo tu" ya kijana wetu wa Konza. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliohusu watu 573, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita waliokwenda kwenye mabenchi hayo walikuwa na dalili chache kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hapa Kenya nako, kundi la Shamiri limewafunza vijana waliomaliza shule hivi karibuni kuongoza mazungumzo ya wanafunzi wa sekondari, na utafiti wake wa mwaka 2021 uliohusu wanafunzi 413 ulileta matokeo ya kutia moyo.

Kuna watakaodakia: basi, ikiwa bibi asiye na shahada anaweza, masomo ya uzamili ni ya nini? Swali ni la haki, na jibu lake ndilo kiini cha makala hii. Mabibi wale hawakujifunza peke yao. Walifunzwa, wakasimamiwa, na mgonjwa aliyewazidi nguvu walikuwa na mahali pa kumpeleka. Nyuma ya kila benchi yuko mtu aliyesoma sana. Kwa hiyo msomi wa uzamili tusimfikirie kuwa ni mtu wa kungoja wateja katika ofisi yenye zulia. Tumfikirie kuwa ni mkufunzi na msimamizi wa watu 20 au 30, walimu, wazee wa kanisa na wa msikiti, akina mama wa vikundi na wahudumu wa afya, ambao nao watawafikia mamia.

NA MASHINE JE?

Kwa kuwa mahali penyewe ni Konza, sina budi kuitaja mashine. Siku hizi vijana huiuliza programu ya kompyuta mambo ya moyo wao saa nane za usiku. Sitawacheka. Mtu aliyezungukwa na giza hushika kamba yoyote. Huenda mashine ikamsaidia apange maneno yake, au imwonyeshe mahali pa kwenda. Hata chuo huria chaweza kufundisha nadharia zote kwa intaneti, na hilo litapunguza gharama kwa mwalimu wa Kitui au Taveta asiyeweza kupanga chumba Nairobi.

Lakini mazoezi hayafundishiki kwa kioo cha simu peke yake. Kunyamaza pamoja na mtu anayelia ni ujuzi, na ujuzi huo hupatikana kwa kuketi karibu naye, chini ya jicho la mtu aliyeutangulia. Ikiwa chuo chochote kitafikiria kutoa shahada hii kwa njia ya mbali, sharti kihakikishe kwanza kwamba zahanati, shule na hospitali za kufanyia mazoezi ziko tayari na wasimamizi wamo.

YAFAA KUFANYWA

Mimi napendekeza mambo manne. Kwanza, vyuo vyetu na wakuu wa mji wa Konza waketi pamoja na kaunti za Machakos na Makueni, wakubaliane kuwa hospitali na shule za eneo hili zitakuwa mahali pa mazoezi kwa wanafunzi wa uzamili wa ushauri nasaha. Afya ni jukumu la kaunti tangu mwaka 2013, kwa hiyo hakuna haja ya kungoja Nairobi iamue kila kitu.

Pili, kuwe na msaada wa karo kwa wenyeji watakaokubali kutumika miaka kadhaa katika eneo hili baada ya kuhitimu. Mtoto wa hapa anajua maana ya Nikw'a Ngwete bila kuelezwa.

Tatu, ziandikwe nafasi za kazi. Ni aibu kwamba mtu amekwisha soma shahada mbili za kusikiliza watu, na huku shule yenye wanafunzi zaidi ya 1,000 inamtegemea mwalimu aliyechoka. Bila nafasi za kazi, wahitimu wetu watahamia ng'ambo, nasi tutabaki tukiwasifu kwa mbali.

Nne, lugha ya masomo ifunguliwe mlango, kama nilivyosema. Na wale wanaofungua vyumba vya ushauri baada ya semina ya siku chache wakaguliwe na bodi iliyowekwa kisheria, kwa maana siri ya mtu ikivuja katika mji mdogo hairudi tena kikapuni. Aliyesalitiwa mara moja hatafungua kinywa mara ya pili, na atawaonya wengine.

Mji wa Konza unajengwa kwa fedha nyingi na matumaini mengi. Zitakuja nyaya, minara na majengo ya vioo. Watakuja pia watu, wageni kwa wageni, kila mmoja na furushi lake la mawazo. Mji unaojua kuhifadhi habari zote za dunia katika mashine zake, na usiwe na mtu mmoja wa kuhifadhi siri ya mwanamke aliyefiwa, bado haujaendelea. Wanaopanga masomo ya juu ya Konza wana nafasi ya kulifanya hili mapema, kabla misingi haijakauka. Wakilifanya, watakuwa wameujenga mji kwa ajili ya watu watakaoishi ndani yake.